Kati ya Nipo na Yupo

Jina la kuazima halirithiwi.

Asubuhi hii mmemsikia shangazi yenu akimtupia Heriel maneno hayo, alipokuja kuaga kwamba anakwenda kwenye usaili na cheti cha binamu yake. Nyote mkacheka. Mimi sikucheka. Endeleeni kuosha hiyo tangawizi, maana mikono ikiwa na kazi masikio hutulia, nami nitawaeleza methali hii imetoka wapi. Si ya zama za mababu. Mtu aliyeambiwa kwanza nilimjua, na mengi ya haya aliniambia kwa kinywa chake, siku zile alipokuwa amechoka hata kuficha.

Ilianza na kifo. Huku huku milimani, mama mmoja aitwaye Namkunda alizaa wana wawili katika ukoo wa Mgonja. Wa kwanza Eliamini, wa pili Kajiru. Eliamini alikuwa mwepesi wa darasani. Alimaliza kidato cha nne, akafaulu, cheti kikaja, na wiki tatu baadaye homa ya matumbo ikamchukua. Wakamzika nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Mwaka uliofuata Kajiru akafanya mtihani ule ule, akaanguka vibaya. Mama yao akaendelea kuitwa Mama Eliamini, kwa sababu mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, awe juu ya udongo au chini yake.

Cheti cha marehemu kilibaki sandukuni, kimefungwa ndani ya kanga. Vyeti vya wakati ule havikuwa na picha.

Kajiru alikichukua bila kuomba. Ofisi ya wilaya ilikuwa imetangaza nafasi ya karani wa masijala, yaani chumba cha kutunzia majalada, na pamoja na cheti walitaka barua ya utambulisho yenye picha na muhuri. Pale stendi palikuwa na fundi viatu ambaye watu wenye shida walimjua kwa kazi nyingine: alichonga mihuri kwa soli ya kandambili. Akachonga, akaugonga kwenye ukingo wa picha, na Kajiru akaondoka pale akiitwa Eliamini. Alikuwa na miaka ishirini. Alijiambia kwamba ni kwa muda tu, mpaka mambo yakae sawa. Ya muda, wanangu, ndiyo hudumu.

Kazi akaipata, na kazi yenyewe ikawa ni kutunza majalada na kugonga muhuri. Muhuri wa kweli! Wiki ya kwanza tu aliutazama vizuri, akaulinganisha na ule wa kwenye barua yake. Ule wa kweli ulisema HALMASHAURI YA WILAYA. Wa kwenye barua yake ulisema HALIMASHAURI. Fundi alikuwa ameandika kama sote tunavyotamka. Nanyi mnatamka hivyo hivyo, msinikodolee macho. Herufi moja, i, imesimama pale katikati kama mgeni asiyealikwa, na jalada lenye barua ile likawa kwenye kabati la tatu, droo ya chini, ufunguo kiunoni mwake mwenyewe.

Hakuna aliyeiona. Mwaka ukapita, ikapita kumi. Alioa, akapata mtoto wa kiume, akamwita Yonazi kwa jina la baba yake mzazi. Na shuleni mtoto akaandikwa Yonazi Eliamini Mgonja. Kila asubuhi mkuu wa masijala alisoma majina ya mahudhurio, na kila asubuhi Kajiru alijibu, "Nipo." Kila jina hilo lilipoitwa alichelewa kidogo, kiasi cha kumeza mate, na wenzake wakamwona mtu mpole asiye na haraka. Haukuwa upole. Uongo hauchoshi siku ya kuusema, ila siku zote za kuulisha baada ya hapo. Alilala amechoka, akaamka amechoka. Hata mkewe hakumwambia, mpaka Mungu alipomchukua mke huyo.

Kijijini hapakuwa na taabu kubwa. Watu walimwita Kajiru, naye akamwambia Yonazi kwamba hilo ni jina la nyumbani tu, la utotoni. Bibi kuitwa Mama Eliamini kulimsaidia sana. Na kaburi la migombani halikuwa na jina. Kila Krismasi Kajiru alisema mwaka ujao ataleta fundi aandike msalaba, na kila mwaka fundi hakuja. Yonazi aliambiwa kwamba pale amelala baba mkubwa, basi. Majirani walijua, wakanyamaza. Jambo la nyumba ya mtu halina mlango wa jirani.

Mwaka wa ishirini na tisa wa kazi yake, tangazo likabandikwa ubaoni: watumishi wote wahakikiwe vyeti na barua zao. Wahakiki wangeanza na masijala, Jumatatu. Kajiru akasoma tangazo mara mbili. Alhamisi, chumba kilipokuwa kitupu, akafungua droo ya chini, akaichomoa ile barua ya HALIMASHAURI, akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Jumamosi alikuwa anakwenda nyumbani, maana Yonazi alikuwa amepata mtoto wa kwanza, wa kiume, na siku ya kumpa jina ilikuwa imefika. Jikoni kwa mama yake hapakosi moto. Barua ingeungua pale, na mambo yangekwisha. Hivyo ndivyo alivyopanga, na njia nzima mkono wake haukutoka kifuani.

Sasa mnajua mila ya nyumba ile, na kama hamjui, sikilizeni. Mtoto wa kiume wa kwanza hurithi jina la babu yake mzaa baba. Mwanamke mkubwa wa nyumba humpakata mlangoni, akaliita jina hilo kwa sauti. Mwenye jina akiwa hai hujibu, "Nipo," na kwa kujibu amelikabidhi. Akiwa amekufa, ndugu yake wa karibu humjibia, "Yupo." Pasipo jibu hapana jina, na mtoto hurudishwa ndani kama alivyotoka.

Namkunda aliketi mlangoni, macho yameshaanza kuingia ukungu, mtoto mapajani. Ukoo umekaa uani, chai imeshagawiwa.

"Haya, jina gani?" akauliza.

"La baba, bibi," Yonazi akajibu, uso wote meno. "Eliamini."

Bibi akamweka mtoto vizuri mapajani. Kisha akainua kichwa, akaita, "Eliamini!"

Hakumwelekea Kajiru. Alielekea migombani.

Kajiru alifungua kinywa. Nipo, neno alilolisema kila asubuhi kwa miaka ishirini na tisa, halikutoka. Angewezaje kulisema mbele ya mama huyu, hatua ishirini kutoka kaburini? Na akisema Yupo, atakuwa amemwambia mwanawe kila kitu mbele ya watu. Barua ilikuwa inamwasha kifuani.

"Eliamini!" bibi akaita tena.

"Baba, jibu," Yonazi akanong'ona. "Bibi anakuita."

"Haniiti mimi," Kajiru akasema.

Watu wakaweka vikombe chini. Namkunda hakupaza sauti. Alizungumza kama mtu anayetua mzigo wa kuni.

"Kajiru mwanangu. Mimi Eliamini nilimzika. Udongo nilimmwagia kwa mkono huu. Ulipochukua cheti chake nililiona sanduku limefunguliwa, nikanyamaza, nikasema dhiki ina mambo yake. Ukaenda na jina lake kazini, nikanyamaza. Nguo ya kuazima nayo huvaliwa. Lakini huyu mtoto simvishi. Jina la kuazima halirithiwi."

Ndipo neno hilo liliposemwa kwa mara ya kwanza, wanangu, na ajuza aliyekuwa anataka tu kurudi kulala.

Yonazi alikuwa amesimama. Alimtazama baba yake, akatazama lile kaburi lisilo na maandishi.

"Kwa hiyo mimi ni Yonazi nani?" akauliza.

 Swali lile lilimuuma Kajiru kuliko yote yaliyokuja baadaye, hata mlango wa gereza. Alikuwa amedhani jina limemlemea yeye peke yake.

"Mama," akasema, "ita lingine."

"Lipi?"

"Langu."

"Kajiru!" mama akaita.

"Nipo," akajibu. Na kwa mara ya kwanza hakuchelewa.

Mtoto akawa Kajiru. Watu wakanywa chai iliyokwisha kupoa, wakaaga mapema. Moto ulikuwa unawaka jikoni na hakuna aliyekuwa anautazama, lakini barua haikutoka kwenye koti. Alipokuwa anaondoka, Yonazi alimsindikiza hadi barabarani. Karibu na kituo ndipo alipouliza, "Utafanyaje?"

"Nina karatasi ya kurudisha Jumatatu."

"Watakufunga, baba."

"Watanifunga. Nimechoka, Yonazi. Huko nako watu hulala."

Jumatatu aliiweka barua mezani kwa mhakiki mwenyewe, binti mdogo, akamwonyesha kwa kidole ile i. Binti akaitazama, akaitamka kimoyomoyo midomo ikicheza, akainua uso akiwa na huzuni. "Mzee," akasema, "mimi ningeipita bila kuiona." Kajiru akamwambia anajua.

Mahakamani karani aliita, "Eliamini Mgonja!" Kizimbani kimya. Akaita tena. Askari akamgusa bega mshtakiwa, naye akasema, "Huyo ni marehemu, mheshimiwa. Mimi ni Kajiru." Ikabidi hati ya mashtaka irekebishwe, na kesi ikasogezwa kwa sababu ya jina.

Mashtaka yalikuwa mawili: kughushi, na kuwasilisha hati ya uongo huku akijua kuwa ni ya uongo. La pili alilikiri. La kwanza alijaribu kulipunguza kidogo, binadamu ni binadamu. Akasema muhuri hakuuchonga yeye, aliuchonga fundi viatu, na fundi amekwisha kufa.

Hakimu alikuwa mtu mzima aliyechoka kama yeye, mwenye mafua. Akavua miwani.

"Picha iliyo chini ya muhuri ni ya fundi?"

"Ni yangu."

"Nani alimwambia achonge?"

"Mimi."

"Basi mkono ulikuwa wake, nia ilikuwa yako. Anayeagiza hati ya uongo itengenezwe hawezi kusimama pembeni ya aliyeitengeneza. Na hata kama ungeiokota njiani, mzee wangu, siku uliyoipeleka dirishani ukijua ilivyo, kosa hilo ni lako, halimngoji fundi. Sheria haiulizi tu nani alichonga. Inauliza nani aliitoa, na alijua nini alipoitoa." Akapenga kamasi. "Umejileta mwenyewe, na hilo nalipima. Lakini kuna kijana aliyefaulu mtihani wake mwaka ule, akakosa nafasi uliyoikalia wewe. Yeye sijui nimpime vipi."

Kajiru aliniambia kwamba hilo la kijana hakuwahi kulifikiria hata mara moja kwa miaka yote ile. Alipewa miaka miwili. Kazi ikapotea, na yote yaliyokuwa yakimngoja uzeeni.

Yonazi alikasirika mwaka mzima. Alihangaika ofisi hadi ofisi kubadili jina lake la pili, kwa viapo vya kweli na mihuri ya kweli, na kila dirisha lilimuuliza kwa nini. Kila alipoeleza, alieleza aibu ya baba yake kwa mtu asiyemjua. Mwaka wa pili akaanza kwenda gerezani kumwona. Sijui walizungumza nini. Nadhani walikaa tu.

Alipotoka, Kajiru alikuwa na mvi kichwa kizima. Hakupita nyumbani kwanza. Alipitia kwa fundi wa misalaba, akapanda naye mlimani na rangi yake, na kabla hajavua viatu alisimama kaburini akihakikisha herufi moja moja: E, L, I, A, M, I, N, I. Akamwambia fundi arudie ile i ya mwisho, haikunyooka.

Wakati huo Yonazi alikuwa amepata mtoto wa pili, naye wa kiume. Siku ya jina ilipofika, Namkunda alikuwa haoni tena. Wakamketisha mlangoni, wakamwekea mtoto mapajani, wakamgeuza uso kuelekea migombani.

"Jina gani?"

"La baba mkubwa," Yonazi akasema. "Eliamini."

Bibi akampapasa mtoto kichwani. Akaita kwa sauti ndogo, sauti ya mtu asiyetumaini kujibiwa.

"Eliamini!"

Kajiru, mfungwa wa jana, aliyekuwa amekaa chini na mjukuu wake Kajiru miguuni, alisimama.

"Yupo," akasema.

Mama yake akalia, basi. Na jina likashuka kwa mtoto, kwa kuwa sasa lilikuwa limerudi kwa mwenyewe.

Mmoja wenu anyanyuke akamwite Heriel, basi halijaondoka. Mwambieni hatumfukuzi wala hatumsemi. Mwambieni tu arudi akae hapa aoshe tangawizi, nimweleze yale ambayo shangazi yake hakuwa na muda wa kuyamaliza asubuhi: kwamba jina la kuazima halirithiwi.