Bafu la Bibi Kobe

— Paukwa!
— Pakawa!
— Nani yuko bafuni?
— Ehem.

Ehem gani hiyo? Mnakohoa kama vifaranga! Mtu akiwa bafuni hukohoa kwa kifua, aliye nje asikie, ageuke na ndoo yake. Tena!

— Nani yuko bafuni?
— EHEM!

Haya, hapo sawa. Sasa nyamazeni, wali wangu uko motoni na mimi sirudii maneno.

Hapo kale palikuwa na nyumba ya zamani, ya mawe na chokaa. Humo alikaa Bibi Kobe na mjukuu wake Nguchiro. Msiniulize kobe alipataje mjukuu nguchiro. Alimwokota, akamlea, yakaisha.

Nyumba ilikuwa nzuri, ila bafu lake! Lilikuwa dogo, na nusu yake nzima ilichukuliwa na hodhi la mawe la kuwekea maji. Nusu iliyobaki ndiyo ya kuogea. Sakafu imepasuka, imeota kuvu, inateleza kama bamia. Maji hayana pa kwenda, yamesimama papo hapo, mbu wanazaliana na kuozeshana.

Na ndani ya hodhi alikuwamo nani? Kiboko! Nyumba yake iko ng'ambo ya uchochoro, lakini tangu asubuhi yuko kwa watu, kajizamisha mpaka puani.

"Babu yangu ndiye aliyebeba mawe ya hodhi hili," alikuwa akisema. "Mawe ni yangu, basi na maji ni yangu."

Bibi Kobe anakuja na kata yake, kanga begani.

"Hodi bafuni!"

"EHEM!"

Bibi anarudi. Adhuhuri anakuja tena.

"Hodi bafuni!"

"EHEM!"

Bibi anarudi. Mtaa ule ulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuivunja: aliyekohoa bafuni haingiliwi. Anayemwingilia mwenzake haalikwi tena kokote, si harusi wala hitima, mpaka anazikwa. Ndiyo maana Bibi alikuwa akirudi.

Kiboko akitoka, hodhi limebaki tope. Bibi anachota tope hilo hilo, anaoga. Mara sererere... bwa! Chali! Miguu minne juu. Na kobe akianguka chali, hajiinui.

Siku moja alianguka wakati Nguchiro yuko sokoni. Nguchiro aliporudi alimkuta Bibi midomo imemkauka, sauti imemkauka kwa kuita. Akamgeuza, akamfuta uso.

"Mjukuu wangu, sasa basi," alisema Bibi Kobe. "Sitaoga tena. Na harusi ya binti wa jirani yetu Kwale sitakwenda, maana mtu asiyeoga hakai na watu."

Akalia. Nguchiro hakuwahi kumwona bibi yake akilia. Alimwonea uchungu mpaka manyoya yakamsimama.

"Bibi, bafu hili nitalivunja, nitalijenga upya. Na harusi ya Kwale utakwenda umeoga, umesimama kwa miguu yako yote minne."

Kesho yake akapiga hodi bafuni, na kwa kuwa hakuja kuoga, Kiboko akamruhusu aingie, yeye akiwa pale pale hodhini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Naomba nivunje hodhi, Bibi apate nafasi."

"Uvunje hodhi la babu yangu? Thubutu!"

Nguchiro hakubishana. Alichukua patasi na nyundo, akaanza pembeni. Ko! Ko! Ko! Ikatoka kokoto moja. Huku anaimba:

"Sichoki, sikomi, Bibi ataoga!"

Kesho, ko! Ko! Ko! Kokoto moja. Keshokutwa, ko! Ko! Ko! Kokoto moja. Siku saba, kokoto saba. Chokaa ya zamani si mchezo, mikono ilimchubuka yote. Kiboko alicheka humo ndani mpaka maji yakamwagika.

Siku ya nane Nguchiro aliweka nyundo chini. Hakuchoka, msimsingizie! Aliona tu kwamba mwenye nguvu za kuvunja hodhi lile ni mmoja, na huyo mmoja amelala ndani yake. Akaenda kutafuta kamba. Akarudi, akaanza kumpima Kiboko kiuno.

"We! Unapima nini?"

"Nakupimia hodhi jipya, mzee. Hili limekubana. Tumbo liko ndani, mgongo uko nje unapigwa na baridi. Nakuonea huruma."

"Kweli linanibana!" alisema Kiboko. "Hilo jipya litakuwa kubwa kiasi gani?"

"Kwa kipimo chako. Ukiwa mwembamba, jembamba. Ukiwa mnene, pana."

Kusikia hivyo, Kiboko akavuta pumzi. Fuuuuu! Tumbo likajaa, kamba ikapungua.

"Pima tena!"

Nguchiro akaunga kamba ya pili. Kiboko akala kapu la maboga, akavuta pumzi. Fuuuuu!

"Pima tena!"

Nguchiro akaunga kamba ya tatu. Akaitandaza sakafuni, akashika kichwa.

"Ala! Kwa kipimo hiki, mzee, halienei humu ndani. Itabidi likae nje, nyuma ya ukuta."

"Likae nje!"

"Na liwe chini kuliko bafu, lipate kina."

"Liwe na kina!"

"Lakini nani atachimba? Kwa mikono yangu hii litakuwa dogo."

"Dogo? Toka hapa! Nachimba mwenyewe! Na maji atajaza nani?"

"Maji yatakujia yenyewe kwa mfereji, kila siku. Hutabeba hata ndoo moja."

Basi Kiboko akachimba. Gubu! Gubu! Gubu! Udongo unaruka mpaka juu ya paa. Na mchimbaji hulishwa na mwenye nyumba, ndiyo desturi, kwa hiyo Bibi Kobe alipika vyungu vitatu vya maboga kila siku huku ananung'unika.

"Huyu atatumaliza, mjukuu wangu."

"Mpe, Bibi. Kila chungu kinaongeza shimo."

Siku ya tatu shimo lilikuwa kubwa, Kiboko anazunguka ndani bila kugusa kuta. Nguchiro akachungulia.

"Bado ukingo tu, mzee. Bila ukingo udongo utaporomoka. Na ukingo unataka mawe."

"Mawe?" alisema Kiboko. "Mawe yangu yako bafuni!"

"Mawe yapi hayo?" aliuliza Nguchiro, anatazama mawingu.

"Ya babu yangu! Na usithubutu kunizuia!"

"Nani awezaye kukuzuia wewe?"

Kiboko akaingia bafuni na kichwa chake chote. Gadam! Pwaa! Gadam! Hodhi lililomshinda Nguchiro siku saba, yeye alilimaliza kabla chai haijapoa. Akabeba mawe yote, jiwe baada ya jiwe. Akaona na zile kokoto saba za Nguchiro, akazikusanya.

"Hizi nazo ni za babu," alisema, akaondoka nazo.

Sasa Nguchiro akaingia. Lo, nafasi! Bafu limekuwa mara mbili ya lilivyokuwa. Alikwangua kuvu yote, akakanda chokaa na mchanga, akatandika sakafu, akamwaga kata moja ya maji kujaribu. Maji yakaenda mlangoni. Akavunja, akatandika tena. Maji yakasimama katikati. Hasira zilimpanda, akatamani kutupa mwiko barabarani! Lakini harusi ilikuwa imebakiza siku nne, akaokota mwiko wake.

"Sichoki, sikomi, Bibi ataoga!"

Mara ya tatu maji yakateremka yenyewe, choro, choro, choro, mpaka pembeni, yakapita kwenye tundu la ukuta, yakaenda nje. Juu ya sakafu akapanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, upande unaokwaruza ukiwa juu. Akapigilia ufito ukutani wa kushikia, chini kabisa, kwa kimo cha kobe. Akashusha kizingiti. Mahali pa hodhi akaweka mtungi mmoja na kigoda.

Bibi Kobe akaingia na kata yake. Nguchiro akabaki nje, sikio mlangoni. Akasikia maji, chwaa. Kimya. Chwaa tena. Kimya kirefu. Halafu:

"Ehem!"

"Bibi! Umeanguka?"

"Sijaanguka, nimekohoa tu! Miaka yote hii sijawahi kupata nafasi ya kukohoa humu!"

Nguchiro akakaa kizingitini akacheka, machozi yanamtoka.

Na maji je? Choro, choro, choro, mpaka kwa Kiboko. Kiboko chini kule kalala, macho kafumba kwa raha.

"Ah! Maji ya leo yana povu! Yana harufu ya karafuu! Nguchiro ni fundi!"

Siku ikapita, ya pili ikapita, ya tatu ikapita. Ikafika siku ya harusi. Kiboko akatoka shimoni, povu masikioni, nzi nyuma yake kama waalikwa. Kila aliyempita uchochoroni aliziba pua.

"Nguchiro! Mbona nanuka?"

"Si maji waliyoogea watu hayo, mzee? Hapo unapolala ni karo, shimo la maji machafu."

"Karo! Uliniambia hodhi!"

"Lina maji, lina ukingo, lina wewe. Maji hayakuja yenyewe?"

Kiboko akanguruma mpaka kuku wakapanda juu ya paa. "Nataka bafu! Nioge niende harusini!"

"Karibu, mzee. Piga hodi tu."

"Hodi bafuni!"

"EHEM!" alikohoa Bibi Kobe.

Kiboko akangoja. Jua likapanda.

"Hodi bafuni!"

"EHEM!"

Kiboko akainua mguu aupige mlango teke. Mara, kutoka kwa Kwale, ikaja harufu ya pilau. Akaikumbuka sheria. Akawaza harusi zote na hitima zote atakazokosa mpaka azikwe. Akashusha mguu taratibu.

"Hodi, Bibi," alisema kwa sauti ndogo. "Tafadhali."

"Ehem."

Bibi alikuwa ameshamaliza kuoga zamani. Alikaa tu kwenye kigoda, mkavu, wanja machoni, asumini shingoni, anangoja apigiwe hodi tena apate kukohoa.

Ngoma zilipoanza, akatoka akiwa amesimama kwa miguu yake minne. Kiboko akajitupa ndani. Mtungi mtupu! Akaenda harusini vile vile alivyo, wakamkalisha peke yake kule upepo unakoelekea, mbali na masinia. Mtu asiyeoga hakai na watu. Bibi Kobe walimweka mbele kabisa, karibu na bibi harusi.

Funzo? Najua mnataka funzo, hamtosheki nyie. Funzo ni hili: vitu vya zamani visiguswe, na wenye nguvu wasibishiwe. Hivyo ndivyo Kiboko anavyofundisha mpaka leo, kila asubuhi, sauti inatokea karoni.

Hadithi yangu imeteremka na maji. Aliyeipenda achote, asiyeipenda aimwage, asimwage mlangoni kwangu tu!

— Nani yuko bafuni?
— EHEM!

Basi geukeni na ndoo zenu, wali wangu unaungua!