Tembo Alivyolala Kitanda Jirani na Bi Swala

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majumba na vitanda na maneno mengi, palikuwa na nyumba ya kuwatunza wenye ulemavu. Sogeeni basi, nisipige kelele.

Mkuu wa nyumba alikuwa Mzee Tembo. Watunzaji walikuwa kumi. Saba wakachoka, wakaondoka. Akabaki Kindi, mdogo kuliko wote, na wenzake wawili.

Tembo akaitisha kikao. "Tunapanga huduma upya! Maji mara moja kwa siku, jioni. Kugeuzwa kitandani, hakuna tena. Na uji, kila mmoja alishwe kwa pumzi kumi, basi!"

Kindi alimfikiria Bi Swala, aliyepooza kuanzia shingoni. Bi Swala humeza polepole. Ukimharakisha hupaliwa, na juzi tu nusura afe.

"Mzee, pumzi kumi hazimtoshi Bi Swala."

"Na wewe nawe! Mtu kalala tu kutwa, kazi yake nini? Atazoea."

Lo! Kindi alitaka kulia kwa hasira. Lakini alimjua Tembo, habishiki. Akajichekesha.

"Kweli, Mzee. Ila Bi Swala anajigamba huko ndani. Eti wewe na nguvu zako zote huwezi kulala kama yeye, asubuhi mpaka jioni, bila kujitikisa."

Uongo mtupu! Bi Swala hakuwahi kusema hivyo.

"Mimi? Nishindwe kulala? Ha ha haa! Tandikeni kitanda!"

Kesho yake asubuhi Tembo akajibwaga kitandani, puu! jirani na Bi Swala.

"Usitikise hata sikio," Kindi akamwambia. "Na utahudumiwa kwa ratiba yako mpya, sawa na mwenzako."

Nzi akatua puani. Zzzz! Tembo akakunja uso. Mgongo ukaanza kumuwaka.

"Kindi, nigeuze kidogo."

"Haimo kwenye ratiba, Mzee."

"Maji, basi!"

"Jioni."

Kindi akaja na uji. "Moja! Mbili! Tatu!" Kijiko cha kwanza hakijamezwa, cha pili hicho, cha tatu hicho! Tembo akapaliwa. "Kho! Kho! Khooo!" Uji ukamtoka mkongani, macho yakamtoka pima.

"Tisa! Kumi!" Kindi akaondoa bakuli.

Tembo akakurupuka, anahema. Hata saa sita haijafika!

"Umenichezea shere, we Kindi!"

"Nimekuchezea, Mzee. Lakini wewe umeinuka ukakohoa. Bi Swala angeinukaje?"

Tembo akamgeukia Bi Swala, akidhani atachekwa.

"Pole, Mzee," Bi Swala akasema. "Kunywa maji, taratibu."

Aibu ikamshika Tembo, aibu ya kweli. Akamtazama Kindi.

"Lakini watunzaji bado ni watatu, Kindi."

"Ndiyo, Mzee. Na tumechoka."

"Basi mimi wa nne. Nifundishe kushika kijiko."

Kindi akamfundisha: unatia kidogo, unatazama koo, unangoja. Siku hiyo Tembo alimlisha Bi Swala mpaka uji ukapoa, ukapashwa moto, ukapoa tena, na Bi Swala akaumaliza wote bila kukohoa hata mara moja.

Ndiyo hivyo, wanangu: anayepanga jinsi mwenzake atakavyotunzwa, na aonje kwanza kutunzwa hivyo.