Kwa Nini Perere Hulia Usiku

Nyie mnaojifunika shuka kila perere akilia, mkidai ni pepo, sogeeni niwaambie. Anayesinzia akalale, sitarudia.

Zamani perere, mnyama wa manyoya asiyezidi sungura kwa ukubwa, alikuwa akilia mchana. Aliishi kwenye matundu ya miti mikubwa hapahapa mlimani, na sauti yake ndiyo iliyomlinda mwanawe. Mama akimwona tai aliita, na mtoto akajificha tunduni.

Kisha tukaja sisi watu. Shekigenda mhunzi akajenga kiwanda chake chini ya mti wa perere, akagonga chuma tangu asubuhi. Wanawake nao wakaleta vinu. Kwa kuwa nyundo iliwakera, wakaimba kwa kupaza sauti. Mhunzi, ili asiwasikie, akazidi kugonga. Perere akawa anaita hadi koo linakauka, mwanawe haitikii. Alikuwa roho juu kila mtoto alipotoka kula.

Siku moja alishuka akamwomba mhunzi apumzike kidogo.

“Mimi?” Shekigenda akashangaa. “Nyundo yangu si kitu, mama. Wanaokusumbua ni wale wa vinu.”

Akaenda kwa wanawake. Mamdoe, mkubwa wao, hakuacha hata kutwanga. “Aanze yeye kunyamaza, nasi tutanyamaza.”

Perere akarudi mtini na wasiwasi wake. Hata hajatulia, akamwona tai akizunguka. Akaita. Mtoto alikuwa ndani ya tundu, salama kabisa. Aliuona mdomo wa mama yake ukifunguka na kufungika, asisikie neno. Basi akatoka nje ili amsikie vizuri. Tai akamchukua palepale. Chini ya mti watu hawakujua lolote, waliendelea na kazi.

Na tangu siku hiyo perere hafungui mdomo mchana. Alipozaa tena alingoja nyundo na vinu vilale, ndipo akaita, na huita kwa nguvu vile mnavyosikia kwa sababu hana hakika kama anasikika.

Sasa yule bwana wa baa ameleta spika zinazokesha, na mwenye mashine ya mbao naye hazimi jenereta. Mimi naogopa, wajukuu zangu. Juzi perere alianza kulia, akakatiza katikati. Nilikaa kitandani nikisubiri aendelee. Sijui mtoto wake alisikia, au alitoka nje.