Muzna Aliyemsahau Baba Yake Juani

Inasimuliwa na waliotutangulia, na ujuzi kamili uko kwa Mola peke yake, kwamba katika bonde moja la Hadhramaut, ambako nyumba za udongo hujengwa zikapanda juu kama minara, alikuwako mwanamke mchamungu aliyeitwa Muzna binti Bakhiti. Alikuwa mjane, umri wake umevuka arubaini na tano, na hakujaaliwa mtoto. Aliishi na baba yake, Mzee Bakhiti, ambaye enzi za nguvu zake alikuwa mwashi. Nusu ya nyumba za mtaa ule zilisimama kwa mikono yake.

Siku moja mzee alikuwa akitia udhu, kiharusi kikamwangusha. Upande wake wa kulia ukafa ganzi, ulimi ukawa mzito. Tabibu akaja, akampapasa mshipa, akatikisa kichwa.

"Huyu hatavuka mavuno ya tende," akasema. "Jua la asubuhi litampunguzia maumivu. Zaidi ya hapo, mwombeeni mwisho mwema."

Muzna alikuwa na kaka mmoja, Hamdun, aliyeishi mtaa wa chini na mkewe na watoto sita. Hamdun alipopata habari alikuja mbio, na baada ya kumwona mzee akasema, "Dada, tugawane. Siku tatu kwako, siku tatu kwangu. Baba ni wetu sote."

Muzna alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha mgonjwa. Akajibu kwa sauti, kwa kuwa moyo ulimpanda: "Wewe kaka unao watoto wa kukuombea ukifa. Mimi sina isipokuwa baba huyu. Huu ndio mlango wangu wa pepo. Nakuomba kwa jina la Mungu, usininyang'anye thawabu zangu!"

Hamdun alinyong'onyea, akaenda zake. Muzna akaweka nadhiri kwamba mkono wa mtu mwingine hautamlisha baba yake, wala kumwosha, wala kumgeuza ubavu.

Mavuno ya tende yakaja, yakapita. Yakaja ya pili, yakaja ya tatu. Mzee hakufa. Akanenepa.

Mashavu yalimjaa, ulimi ukalegea, akawa anasoma nyiradi zake kwa sauti na kucheka na njiwa wa dirishani. Kila asubuhi Muzna alimbeba mgongoni, akapanda naye ngazi kumi na tisa hadi juu ya paa, ambalo kwa nyumba za huko ni bapa kama uwanja, akamlaza kwenye mkeka apate jua. Mwaka wa kwanza alimbeba kama kiriba kitupu. Mwaka wa tatu alifika juu akipumua kama mvukuto wa mhunzi, na mshipa wa goti ukimpiga kama jino bovu. Nywele zilimng'oka kwa mafungu. Nguo zikampwaya.

Bi Thuweba, jirani aliyeishi naye ukuta kwa ukuta, alimtazama siku moja kisimani.

"Muzna mwanangu, nyumbani kwenu mgonjwa ni nani?"

"Si baba, Bi Thuweba!"

"Basi mbona mwenye mashavu ni yeye? Niletee nguo zake nikufulie."

"Allah akulipe. Nitafua mwenyewe."

Lakini swali lile lilimganda. Alikuwa ameanza kupotewa na mambo. Alitia chumvi katika uji wa shayiri, akasahau, akatia tena. Alisimama katikati ya nyumba ameshika kata, asijue anataka kuchota nini. Siku moja alimwita baba yake kwa jina la marehemu mumewe. Katika sala ndiko alikochanganyikiwa zaidi: alifika kwenye tahiyatu asijue kama ameswali rakaa mbili au tatu. Akisujudu sijda ya kusahau, anasahau kama ameshaisujudu.

Akajiuliza: ikiwa hii ni ibada, mbona inanila? Na ikiwa si ibada, basi ni nini hiki ninachofanya? Akadhani nia yake imeingiwa na doa, na Mola anamrudi. Akaichungua nia yake kama mtu anayechambua mchele gizani, asione chuya wala mchele.

Kisha siku moja, akiwa amefika ngazi ya kumi na mbili na baba yake mgongoni, wazo likampita: *Laiti yule tabibu angesema kweli.* Muzna alishikilia ukuta. Alipomtua mzee alishuka, akalia, akaleta istighfari mpaka koo likakauka. Akafunga siku tatu mfululizo ili kujisafisha na wazo lile. Funga ile ikamwongezea udhaifu.

Asubuhi ya siku ya nne alimpandisha baba yake juu kama ada, akamwambia, "Baba, nasaga konzi mbili tatu za shayiri, kisha naja kukuteremsha." Akashuka. Akakaa mbele ya jiwe la kusagia, akatia konzi ya kwanza.

Aliposhtuka usingizini, muadhini alikuwa akiadhini. Akasema moyoni, hii ni adhuhuri. Akatia udhu, akaswali. Kisha akaona mwanga umeingia kwa dirisha la magharibi, akajua kwamba ile iliyokuwa ikiadhiniwa ni alasiri. Akachukua bakuli la uji akaenda chumbani kumlisha baba yake. Kitanda kitupu. Akakitazama, asielewe. Akatazama nyuma ya mlango, akaenda ua wa mbuzi, akarudi tena kitandani. Ndipo akakumbuka.

Bakuli likamponyoka. Akapanda zile ngazi bila kujua kama anazikanyaga. Juu, mkeka ulikuwa palepale katikati ya paa, moto kama tanuri, na juu yake hapana mtu.

Muzna alipiga ukelele ambao Bi Thuweba aliusikia kutoka paa la pili. Kisha akasikia kikohozi. Upande wa pili wa paa, hatua zipatazo ishirini, chini ya kivuli cha ukuta wa magharibi, Mzee Bakhiti alikuwa ameketi ameegemea mtungi wa maji, ndevu zimelowa, mzima.

"Baba! Nani kakuleta hapa?"

Mzee akasema, "Mwenye kuleta ni Mwenyezi Mungu, mwanangu."

Maneno yale ni ya kweli, na kwa maneno ya kweli mja huweza kuificha kweli. Muzna alianguka kifudifudi akasujudu. Bi Thuweba, aliyekuja kuchungulia ukutani baada ya ukelele ule, akasema, "Allahu Akbar! Baba wa mwana mwema amebebwa na malaika!"

Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa umekwisha kujua. Kesho yake wanawake walijaa nyumbani: huyu anataka aombewe dua, huyu kaleta bakuli la maji Muzna atie kidole. Muzna aliketi katikati yao kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto. Walimwuliza ilikuwaje. Akasema, "Nilimwacha juani, nikamkuta kivulini," naye hakuongeza neno. Moyoni alikuwa akizunguka kama ng'ombe wa kinu. Je, Mola humkirimu aliyesahau? Kama ni thawabu, ni thawabu ya nini? Ya usingizi? Na kama ni adhabu, mbona watu wananibusu mikono? Alimtazama baba yake apate jibu, na mzee akageuza uso ukutani.

Mambo yakaendelea hivyo siku sita. Siku ya saba akaja mwanamke kutoka kijiji cha mwendo wa siku mbili, jina lake Ramla. Mumewe alikuwa nje, amefungwa juu ya ngamia kama mzigo, amepooza mwaka wa nne. Ramla alivaa shela ndani nje bila kujua, na midomo yake ilikuwa imepasuka. Hakuomba hata maji ya kunywa. Alipiga magoti mbele ya Muzna.

"Dada yangu, nifundishe ulivyofanya. Mimi sina nguvu tena. Nipe ruhusa nimlaze mume wangu juu ya paa lako, juani, nishuke, nisitazame nyuma mpaka alasiri. Malaika waliombeba baba yako wamchukue na wangu."

Muzna aliiona mikono ya Ramla ilivyochubuka kwa kubeba na kuosha, akaitambua, kwa kuwa ilikuwa kama mikono yake mwenyewe. Na katika sauti ile alilisikia lile wazo la ngazi ya kumi na mbili, limevaa nguo za tawakali. Akajua kwamba akinyamaza, mtu atakufa. Na akisema, hatabaki na jina mbele ya wanawake wale.

"Usimlaze juani," akasema. "Atakufa."

"Lakini baba yako..."

"Baba yangu sikumwacha kwa kutawakali. Nilimsahau."

Muzna akaendelea, machozi yakimshuka: "Nilisinzia kwenye jiwe la kusagia nikamsahau, kama mtu anavyosahau chungu mekoni. Tangu asubuhi mpaka alasiri. Nikaamka nikaenda kumtafuta kitandani. Wallahi sijui alifikaje kivulini. Najua tu kwamba sikustahili kumkuta hai. Nimechoka, jamaa zangu. Nimechoka mpaka nimetamani jambo ambalo mtoto hapaswi kulitamani."

Mwanamke mmoja akavuta taratibu lile bakuli la maji alilolileta.

Ndipo ikasikika sauti kutoka chumba cha ndani. Gu. Kimya. Gu. Pazia likasogea, na Mzee Bakhiti akatokea, amesimama kwa miguu yake, ameegemea mpini wa jembe. Mguu wa kulia aliuburuta, lakini aliuburuta mwenyewe.

Wanawake wakapiga takbiri.

"Nyamazeni!" akasema mzee. "Hii si karama. Hii ni aibu yangu. Nilijihamisha mwenyewe nilipozidiwa na jua. Miguu yangu ilirudi zamani, kidogo kidogo. Binti yangu akienda kisimani, mimi nilikuwa nikijizoeza, nikilisukuma tofali kwa wayo mpaka nikaweza kusimama."

Muzna alimtazama kama anayemwona mara ya kwanza. "Tangu lini, Baba?"

"Tangu Shaabani."

"Shaabani ya mwaka huu?"

Mzee akainamisha kichwa. "Ya mwaka jana."

"Na kula?"

"Mkono wa kushoto haukuugua hata siku moja, mwanangu. Nilikusikia mlangoni siku ile na kaka yako. Ulimwambia asikunyang'anye thawabu, kwamba mimi ndimi mlango wako wa pepo. Nilipoona naweza kusimama nikafurahi, nikataka kukuita. Kisha nikajiambia: nikisimama, nimemfungia mwanangu mlango. Basi nikalala, ili upate thawabu."

"Na mgongo wangu, Baba?"

"Niliuona," akasema mzee. "Kila asubuhi niliuona. Nikasema ninakujengea nyumba huko akhera. Sikufahamu kwamba matofali nilikuwa nayatoa mwilini mwako. Nisamehe."

Ikamtoka Muzna ile sauti ya kuguna ambayo mtoto amekatazwa kumtolea mzazi wake. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Usijizibe," akasema baba yake. "Hiyo ni haki yangu leo."

Muzna hakujua acheke au alie. Alikasirika, akamwonea huruma, akajionea haya, akaona wepesi, yote kwa mara moja, asijue lipi litangulie. Akataka kusimama, akayumba. Bi Thuweba akamdaka.

"Mpelekeni kitandani," akaamuru. "Na mtu aende akamwite Hamdun. Leo sitaki kusikia 'Allah akulipe, nitafua mwenyewe.'"

Muzna alilala siku mbili, akiamshwa kwa sala na kwa mchuzi tu. Ramla akalazwa chumba hichohicho, ubavuni pake, naye akalala kama aliyezimia. Wanawake waliokuja kutaka baraka wakagawana kazi: huyu maji, huyu kufua, huyu kusaga. Mume wa Ramla alikaa pale siku arubaini, na Mzee Bakhiti, ameketi mbele yake na tofali lake, akawa anamwambia, "Sukuma. Sukuma tena." Yule bwana hakupata kutembea. Lakini alirudi kwao akishika kikombe mwenyewe, na mkewe akirudi na ndugu wawili wa mume waliokuja kumchukua, baada ya Bi Thuweba kuwapelekea salamu zisizo na asali.

Tangu hapo mzee akawa wa siku tatu kwa Muzna, siku tatu kwa Hamdun, na Ijumaa akaenda msikitini kwa mkongojo, akiwaambia watu njiani kwamba aliwahi kuwa mwongo. Nywele za Muzna hazikurudi kama zamani, wala goti halikupona sawasawa. Mzee Bakhiti aliishi miaka minne mingine. Mauti yalimfika siku ya zamu ya Hamdun, nyumbani kwa Hamdun, baada ya sala ya asubuhi, na Muzna alikuwa kwake amelala.

Wanawake walimwuliza, "Huoni kwamba ulikosa saa ile uliyoihangaikia miaka yote?"

Muzna akasema, "Sijui. Mambo mengi ya Mola wangu sikuyafahamu, wala usingizi wa siku ile sijajua kama ulikuwa dhambi yangu au rehema yake. Ninalolijua ni kwamba baba yangu aliondoka mikononi mwa mtoto wake, na mimi nilikuwa mzima wa kutosha kumlilia."

Enyi ndugu waumini, hazina ya Mola haipungui kwa kugawanywa, na thawabu ya kumuuguza mzazi hailiwi na mmoja ikamwishia mwenziwe. Mwili wa anayeuguza nao ni amana kama mwili wa mgonjwa, na kila mmoja ataulizwa juu ya wake. Anayewatazama wawili hao na akamwulizia hali mmoja tu, bado hajazuru nyumba ile. Mola atujaalie wazee wenye kusema kweli, na watoto wasioona haya kusema wamechoka. Amin.