Aya Ukutani, Kufuli Bombani

Mkakasi ni kisanduku cha mti kilichotiwa nakshi, kizuri hata ukikiona kwa mwenzio unatamani kukibeba. Ukikifunua ukidhani utakuta dhahabu, unakutana na mti mkavu, mti ule ule wa kuni. Ndiyo maana waliotutangulia wakatuachia neno: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Watu wa namna hiyo wapo, na kuta za namna hiyo zipo. Hadithi hii ni ya ukuta mmoja na mwenye funguo wake.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa kanisa. Ulijengwa upya kwa sababu Askofu alikuwa anakuja, na Askofu hakuwa amefika hapo kwa miaka kumi na moja. Ndani ya ukuta, uwanja wote ulitandazwa vitofali vyekundu na vya kijivu, vikapangwa kama ukili wa mkeka. Pembeni mwa uwanja palikuwa na bomba la maji. Tangu zamani watu wa mtaa walichota hapo, waumini na wasio waumini, na hapakuwa na aliyeulizwa anasali wapi. Lakini Jumamosi vitofali vilipokamilika, bomba lilijengewa kizimba cha nondo, na kizimba kikatiwa kufuli kubwa kama ngumi ya mwanamume. Funguo zikaning'inia kiunoni kwa Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, zikilia cheng'e cheng'e kila alikopita.

Aliyeitwa kuandika aya ukutani alikuwa binti ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi. Shule aliishia darasa la saba, kisha mjomba wake, fundi wa mabango, akamfundisha kazi. Biblia aliijua kwa mkono, kwa maana aliiandika kila mahali. "Bwana ndiye mchungaji wangu" aliiandika juu ya mlango wa bucha, watu wanacheka hadi leo. Msemaji hakuwa. Alikuwa mtu wa kutazama, kwa sababu mjomba wake alimwambia, "Fundi asiyetazama hukosea nafasi, na ukikosea nafasi mwanzo, neno la mwisho hukosa pa kukaa."

"Andika hivi," Mwenyekiti alimwambia Jumatatu, huku akinyoosha mkono hewani kana kwamba aya anaiona inang'aa. "MTU AKIONA KIU, NA AJE KWANGU ANYWE. Yohana saba, thelathini na saba. Herufi za bluu, zipigwe ukingo wa njano. Askofu aisome akiwa bado yuko ndani ya gari."

"Sawa, Mzee. Rangi hii ni ya maji, nitahitaji maji ya kuichanganyia na kuoshea brashi."

"Kila asubuhi nitakufungulia ndoo moja. Moja tu! Na usimwage kwenye vitofali."

Brashi alitazama kizimba, akatazama ukuta, akaanza kupima nafasi.

Nyuma ya ukuta huo, chumba cha kwanza ukitoka getini, aliishi Bibi mmoja na mumewe. Mzee yule alikuwa amepooza miaka mitatu, hageuki mpaka ageuzwe. Mgongo wake ulikuwa umeanza kufanya vidonda. Muuguzi wa zahanati alikuja akaviona, akasema bila kuzunguka: aoshwe asubuhi na jioni, shuka zibadilishwe kila siku, la sivyo vidonda vitaoza na mtu mtamkosa. Kwa hiyo Bibi alihitaji ndoo tatu kwa siku. Bomba jingine lilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, chini ya mteremko, na foleni yake ilianza kabla jua halijachomoza. Goti la Bibi halikuwa la mteremko tena. Brashi, aliyepanga chumba ua ule ule, alimletea ndoo moja kila alfajiri kabla ya kazi. Zilibaki mbili.

Jumanne Bibi aliingia getini na ndoo yake tupu. Brashi alikuwa juu ya ngazi akipiga mistari kwa uzi wenye chaki, akasikia yote.

"Mwanangu, nifungulie nichote. Mzee ameamka vibaya."

"Pole sana, Bibi. Lakini sasa kuna utaratibu. Mkifunguliwa ninyi, mtaa mzima utajaa hapa na kandambili za matope. Vitofali hivi ni vya Bwana."

"Bwana anatembea juu yake?"

"Maandiko yanasema, mambo yote na yatendeke kwa uzuri na kwa utaratibu," alijibu Mwenyekiti kwa sauti yake nzito, ile ya kusomea masomo ibadani. "Askofu akishaondoka tutakaa kikao. Nami nitamwombea Mzee, kila siku nitamtaja."

"Mtaje, asante. Ila ombi halifui shuka, mwanangu."

Mwenyekiti alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayefunga mazungumzo, akaondoka na funguo zake, cheng'e cheng'e. Bibi alibaki amesimama mbele ya ukuta. Alisoma mistari ya chaki polepole, neno kwa neno.

"Unaandika hiyo?" akamuuliza Brashi. "Mwenyekiti huyu, mjukuu wangu, aya hiyo nilimkaririsha mimi. Shule ya Jumapili, darasa la wadogo. Alikuwa kibogoyo wa meno ya mbele, akawa anasema 'na aje kwangu anyhwe', tunacheka wote. Na mchanga wa msingi wa kanisa hili niliubeba kwa kichwa hiki hiki."

Hakulia. Angelia, Brashi angepata nafuu. Alisema tu kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kisha akaishika ndoo yake tupu akaenda zake.

Brashi aliishuka ngazi. Hasira ilimpanda kutoka nyayoni kama maji yapandavyo kwenye utambi. Alitazama ndoo yake, ndoo iliyojaa maji safi yaliyotolewa kizimbani ili kulainisha rangi ya kuandikia habari za kiu. Rangi inapewa maji, mgonjwa ananyimwa! Ukuta unakunywa, mtu anakauka! Alikumbuka maneno ya Yakobo juu ya yule awaambiaye wenye shida, enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba, wala asiwape wanachohitaji. Yakobo aliuliza swali moja tu: yafaa nini?

Aliibeba ndoo, akazunguka ukuta, akaimimina karibu yote kwenye beseni la Bibi. Alibakiza kikombe kimoja cha maji ya rangi.

Akafanya hivyo Jumatano. Akafanya hivyo Alhamisi. Kazi ilikwenda kwa mwendo wa konokono, maana kwa kikombe cha maji mtu hawezi kuchanganya rangi ya herufi zilizo ndefu kuliko mkono. MTU ikakamilika, AKIONA KIU ikakamilika, zikang'aa hata wapita njia wakasimama kuzisifu. Ijumaa mchana, alipokuwa ameifikisha NA AJE, Mwenyekiti alimkuta anatoka chumbani kwa Bibi na ndoo tupu.

"Kumbe! Ndiyo maana kazi haiishi! Maji ya kanisa unayagawa?"

"Nimempa Bibi, Mzee. Mgonjwa anaoza."

"Nilikupa maji ya rangi! Ya rangi, binti! Huo ni wizi, na wizi wa kitu cha Mungu una jina lake."

"Lina jina gani, Mzee? Maana aliyesema atakayempa mdogo mmoja kikombe cha maji ya baridi hatakosa thawabu, hakusema kwanza aombe ruhusa ya kamati."

Mwenyekiti alivimba mishipa ya shingo. Watu watatu waliokuwa wakifagia uwanja waliinama chini wakatazama fagio zao kana kwamba wanaziona mara ya kwanza.

"Wewe wa darasa la saba ndiye wa kunifundisha Neno? Kesho hupati hata tone. Na nisipokuta aya imekamilika kesho jioni, kazi nyingine ya kanisa hutaiona mpaka uzeeke. Ukitaka maji, kayatafute mwenyewe, au kamalizie kwa mate."

Jumamosi Brashi aliteremka mteremko na ndoo mbili. Alisimama foleni tangu alfajiri mpaka jua likamchoma utosi. Njiani kurudi, ndoo moja kichwani na nyingine mkononi, alihesabu. Kwa maji haya angeweza kumaliza: KWANGU ANYWE, maneno mawili, na jina lake kama fundi lingebaki safi. Mjomba wake hakuwahi kuacha ubao nusu hata siku moja. Kwa maji haya pia Mzee angegeuzwa, angeoshwa, shuka zake zingefuliwa. Jana muuguzi alipokuja alinusa tu mlangoni, akatikisa kichwa.

Mwenyekiti alikuwa amesimama getini akimsubiri. Alitabasamu alipoziona ndoo.

"Eeh! Naona akili imerudi. Ingia, rangi iko palepale."

Brashi alimpita.

"We binti! Kazi iko huku!"

"Kazi ndiyo hii, Mzee," alijibu bila kugeuka, maana mwenye ndoo kichwani hageuki ovyo, akaingia kwa Bibi.

Jumapili asubuhi ukuta ulikuwa bado unasema MTU AKIONA KIU, NA AJE, basi. Aje wapi, haukusema. Mwenyekiti aliona giza mchana. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akachovya brashi ya kupakia chokaa ndani ya kopo la bluu, rangi nzito kama uji uliolala, bila kuichanganya. Akayapaka maneno yaliyobaki mwenyewe. KWANGU ilitoka nene, inachuruzika. ANYWE ilikosa pa kukaa, herufi zikabanana kama watu kwenye mwavuli mmoja, na E ya mwisho ikapanda juu ya nguzo ya geti. Magari yalipopiga honi, rangi ilikuwa mbichi kabisa.

Kwaya ilianza kuimba. Askofu alishuka, mtu mzima mwenye miguu mizito, kanzu yake nyeupe pepepe. Alipofika kwenye ngazi ndogo ya getini alitafuta pa kujishikia kama wafanyavyo wazee wote, akaweka kiganja chake chote juu ya KWANGU. Alipokitoa kilikuwa cha bluu, na mkono wa kanzu ulikuwa wa bluu mpaka kwenye kiwiko.

Wimbo ulikatika katikati ya ubeti.

"Maji!" Mwenyekiti alipiga kelele. "Maji upesi! Samahani, Baba Askofu, samahani sana!" Alikimbia juu ya vitofali vyake, akajaribu ufunguo mmoja, wa pili, wa tatu. Kufuli likafunguka, kizimba kikafunguliwa, maji yakamwagika kwa wingi ambao uwanja ule haukuuona kwa siku tisa.

Askofu aliongozwa bombani. Lakini hapo palikuwa na mtu tayari. Bibi, ambaye kila asubuhi hakuacha kuja kuulizia, alikuwa amesimama kando ya kizimba na ndoo yake tupu. Nyuma yake alisimama Brashi na mbili zake.

"Shikamoo, mama," Askofu alimwamkia, kwa kuwa aliona anamzidi umri. "Na wewe unasubiri nini hapa?"

"Marahaba, baba," Bibi alijibu. "Nilikuwa nasubiri mkubwa achafuke. Leo siku ya tisa."

Askofu aliitazama ndoo, akalitazama kufuli lililoning'inia wazi, akamtazama Mwenyekiti.

"Ni kweli?"

"Baba Askofu, ulikuwa ni utaratibu tu wa mapokezi... vitofali..."

Askofu alirudi nyuma hatua moja, mkono wake bado unadondosha bluu juu ya vitofali. "Akinge yeye kwanza," alisema. Ndoo tatu zilipojaa ndipo akanawa, kisha akalitoa kufuli kwenye nondo akalitia mfukoni mwa kanzu yake.

Watu walipiga makofi. Brashi hakupiga. Mikono yake ilikuwa na ndoo, lakini hata ingekuwa mitupu asingepiga. Kichwani mwake aliona jambo moja tu: kama rangi ile ingekauka mapema, kufuli lingekuwa palepale. Siku tisa mgonjwa amelala akipungukiwa maji ya kuoshwa, na waliokuwa wakipita kwenda kwenye mazoezi ya kwaya ni hao hao wanaopiga makofi.

Ibada nzima yeye na Bibi waliifanyia chumbani. Walimgeuza Mzee taratibu, wakamwosha mgongo, wakafua shuka mbili na kuzianika. Kupitia ukutani waliisikia sauti nzito ya Mwenyekiti ikisoma somo, imetulia kana kwamba hapakutokea kitu.

"Nani huyo anasoma?" Mzee aliuliza kwa taabu.

"Yule wa meno," Bibi alimwambia.

"Anasoma vizuri," alisema Mzee, akasinzia. Ilikuwa mara ya kwanza kusinzia bila kuugulia tangu bomba lifungwe.

Jumatatu Mwenyekiti alikuja hadi uani. Funguo kiunoni zilikuwa zimepungua moja. "Binti, yaliyopita si ndwele. Njoo urekebishe yale maneno mawili. Ukuta unatia aibu."

Brashi alikuwa akikamua shuka. Aliikamua mpaka tone la mwisho, akaikung'uta, akaitundika kambani.

"Ukuta hauna aibu, Mzee. Ukuta umeandikwa tu."

Hakwenda kuyarekebisha. Mpaka leo wanaokwenda kuchota maji huyaona: maneno ya kwanza mazuri, yamenyooka, na mawili ya mwisho yaliyochuruzika, moja lina alama ya kiganja cha mtu. Wageni huuliza ilikuwaje ukuta mzuri hivyo ukaharibika mwishoni. Wenyeji huwajibu kuwa haukuharibikia mwishoni. Ulianza kuharibika siku ile kufuli lilipotiwa nyuma yake, kwa maana uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.