Nyongeza ya Wafu

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na milango ya kupigiwa hodi, Fisi alitunza ghala la kijiji. Kila mavuno, kila nyumba ilimpelekea kikapu cha mtama. Akifa mmoja wao, jamaa zake walilishwa kutoka humo. Na mtama ukibaki mwingi, walio hai waligawiwa. Mgawo huo waliuita nyongeza.

Mwaka mmoja mvua zikagoma. Bi Pimbi aliwaona wanawe wakitafuna majani makavu, akaenda kwa Fisi.

"Bwana Fisi, tunaomba nyongeza yetu."

"Mimi sina neno, bibi," Fisi akasema, akijipangusa mdomo. "Wafu ndio wamekataa. Marehemu Babu Ndovu yumo ghalani. Njooni asubuhi mkamuulize wenyewe."

Asubuhi ukungu ulifunika kila kitu. Pimbi na jirani yake Nyati walisimama mbele ya ghala. Kisha mbao zikalia, ng'weee, na sauti nzito ikatoka ndani:

"Nyongeza ni yetu sisi wafu. Bado hatujashiba. Au mnataka kuja kula nasi huku?"

Nyati, na mapembe yake yote, akarudi nyuma. "Twende zetu, dada. Mimi mtama sitaki tena."

Pimbi naye manyoya yalimsimama. Lakini baada ya maneno yale alisikia kitu: nya, nya, nya.

"Kaka," akanong'ona, "umewahi kusikia mfu akitafuna?"

"Sijawahi kumsikia hata akisema."

Pimbi akawaza. Fisi hamwogopi mtu, ila mmoja tu: mama mkwe wake. Akikutana naye njiani hujitosa mtaroni kwa haya. Basi Pimbi akabana pua, akatoa sauti ya kikongwe:

"Hodi humu, baba. Mkweo nimefika. Nimeambiwa umo ndani."

Puu! Kitu kikaanguka. Na Fisi akajibu kwa adabu kabla hajafikiri:

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Kumbe ni Fisi," Nyati akasema.

Pimbi akatabasamu, akafungua kinywa aitikie. Hakuwahi. Kutoka chini kabisa ya lundo la mtama, nyuma ya Fisi, sauti nyingine ikajibu polepole:

"Marahaba, mwanangu."

Nyati akamtazama Pimbi. Pimbi akatikisa kichwa. Si yeye.

Paa! Mlango ukang'oka. Fisi akatoka mbio, mtama ukimdondoka mdomoni, wala kijijini hakuonekana tena.

Pimbi alitamani kukimbia pia. Akawakumbuka wanawe. Akaingia taratibu.

"Shikamoo, babu," akasema. "Tumefuata nyongeza yetu."

Mtama ukaanza kuporomoka wenyewe kutoka juu ya lundo, shaaa, mpaka miguuni pake, na kila nyumba ikapata haki yake.

Anayekula kwa jina la wafu, ipo siku wafu wataitika.