Kihenge cha Ishirini na Nne

Mpiga pasi si mwenye kanzu. Maneno hayo niliyaandika kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi yenu ya utafiti, pale mlipoweka jina langu kabla ya majina yenu, na sasa mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Kaeni basi. Methali hii haikutoka kwa wahenga. Ilianza hapa hapa chuoni, na ilianza kwa hasira.

Alikuwapo mwanafunzi wa shahada ya uzamili, Perisi Chidosa, binti wa Kongwa. Alimchunguza dumuzi, yule mdudu anayegeuza mahindi kuwa unga kabla hayajafika kinuni. Misimu miwili alizunguka vijijini kwa baiskeli akikagua vihenge ishirini na vinne, maghala ya miti yaliyokandikwa udongo. Kila baada ya wiki mbili alichota kopo la mahindi, akachekecha, akahesabu wadudu wazima na waliokufa. Vumbi lile lilimwachia kikohozi. Kazi hiyo hakuna aliyemwonea wivu.

Shida ilikuwa kuandika. Chuo kilimtaka achapishe makala moja kwa Kiingereza, jina lake likiwa la kwanza, la sivyo shahada hapati. Kiingereza alichokuwa nacho Perisi kilikuwa cha kujibia mitihani, si cha kujengea hoja. Msimamizi wake, Dakta mmoja, alikuwa na Kiingereza cha kutambia. Akizungumza, hata makarani walisimama kusikiliza. Rasimu ya kwanza aliirudisha nyekundu, utadhani kuku kachinjiwa juu yake.

"Hii ni nini, Perisi? Unataka tuchekwe?"

Perisi alirudi mezani. Alijifunza kuanza aya kwa dai na kulifuatisha ushahidi. Alijifunza kuandika "yaelekea" pale alipotaka kuapa kwamba ni kweli. Aliandika rasimu sita. Ya saba, Dakta alisema ataimalizia mwenyewe.

Ilipokuwa tayari kupelekwa kuchapishwa, jina la kwanza lilikuwa la Dakta. La pili lilikuwa la rafiki wa Dakta, mtu ambaye hajawahi kuinamia kihenge maishani mwake. Perisi alijikuta mwishoni kabisa, kwenye mstari wa shukrani, akishukuriwa "kwa msaada wa kukusanya takwimu." Msaada! Alisoma mara mbili. Kisha akaona kwamba kihenge cha ishirini na nne, cha Mama Malogo, hakimo kwenye jedwali. Akaenda ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, mbona jina langu halipo?"

"Hebu nionyeshe humo sentensi moja iliyo yako. Zote nimezinyoosha mimi. Kiingereza hicho ni changu."

"Na kihenge cha Mama Malogo?"

"Kilikuwa kinapindisha hoja. Vihenge vyote vimeliwa, kimoja hakina mdudu. Msomaji atachanganyikiwa bure. Nimekiondoa, aya imetulia."

Alitoka kwa hasira. Nje ya lango la bweni, Mzee Sefu, dobi wa siku nyingi, alikuwa na pasi yake ya mkaa. Aliyaona macho ya Perisi, akamwuliza kulikoni, naye akamweleza yote. Mzee hakumpa pole. Aliinua kanzu aliyokuwa akiinyoosha.

"Mjukuu wangu, mwaka wa thelathini huu nanyoosha kanzu za watu. Ijumaa ukiniona nimeingia msikitini na ya mteja, si utaniita mwizi?"

Siku ya semina ukumbi ulijaa. Dakta alisoma makala kwa madaha, akapigiwa makofi. Ndipo mama mmoja, mtafiti mgeni, aliponyoosha mkono. Mwanzoni, alisema, mmeandika vihenge ishirini na vinne. Jedwali lina ishirini na vitatu. Kimoja kimekwenda wapi?

Dakta alipekua kurasa mbele, akapekua nyuma. Kile Kiingereza kilimkauka mdomoni. Akasema labda ni kosa la mchapaji, na hapo Perisi akasimama bila kungoja ruhusa.

"Si kosa la mchapaji. Ni kihenge cha Mama Malogo. Misimu yote miwili hakikuwa na dumuzi hata mmoja. Kila mwaka kabla ya mavuno yule mama hukibomoa, akachoma miti ya zamani na kujenga kwa mipya. Dumuzi hujificha ndani ya miti. Hilo ndilo nililoligundua, na hilo ndilo lililofutwa."

"Kaa chini!" Dakta alifoka, sasa kwa Kiswahili. "Nani aliyekufundisha kuandika wewe?"

"Ni wewe, mwalimu, na nakushukuru mbele ya watu hawa. Lakini mpiga pasi si mwenye kanzu. Na yangu umeiunguza."

Hakuna aliyecheka. Mkuu wa idara aliichukua ile karatasi mezani, akasema haitaondoka chuoni mpaka iwe na jina la aliyehesabu wadudu. Mwaka uliofuata makala ilichapishwa. Jina la kwanza lilikuwa Chidosa, kihenge kilirudi mahali pake, na Mama Malogo alitajwa. Kiingereza chake kilikuwa na mikunjo hapa na pale. Kila aliyekisoma alielewa.

Na Dakta? Alinuna miezi mingi. Alimwita Perisi mtovu wa adabu mbele ya kila aliyekubali kumsikiliza, na moyoni alijiona ndiye aliyeonewa, mpumbavu yule. Mpaka siku alipokwenda kwa Mzee Sefu kuchukua shati lake. Mzee alimkabidhi likiwa limekunjwa vizuri, akamwambia, "Hili lako, Dakta. Mimi nimelinyoosha tu." Dakta alirudi nyumbani kwa miguu na shati mkononi, na njia nzima hakuweza kumtazama mtu usoni.

Jina lake mnalijua. Mmeliandika wenyewe juu ya karatasi hii, kabla ya majina yenu. Lifuteni. Mpiga pasi si mwenye kanzu.